Jogoo wa Senge na Kadi ya Moshi

Langas, Eldoret
14 Machi 1988

Kwa Kipyego, kijana wa kaka yangu,

Salamu. Mwalimu wetu wa ngumbaru alitufundisha kujaza ukurasa wa kwanza wote na salamu, lakini mimi nina karatasi mbili tu na maneno mengi, kwa hivyo jua umesalimiwa. Mimi niko. Mama yako huko Ainabkoi yuko, amepanda viazi na anasema mgongo unamuuma, lakini huo mgongo ulianza kuuma kabla hujazaliwa. Ndugu yako Kiptoo bado anakimbia asubuhi na jioni bila kufukuzwa na mtu. Na kama kuna mtu wa serikali anayefungua barua za watu kabla hazijafika, na yeye nimemsalimia. Akimaliza aifunge vizuri.

Sasa mambo. Kile kiwanda cha mbao hapa juu yetu kimeleta boila kubwa. Wanachoma maganda ya miti na vumbi la mbao ili wajitengenezee stima yao wenyewe. Stima hatuioni. Moshi tunauona. Naanika shuka za lojing ya Mzee Osman saa mbili, ikifika saa nne zina madoa meusi, na ukijaribu kupangusa doa linatembea. Nafua tena. Wiki iliyopita Osman amezirudisha mara ya tatu. Si mtu mbaya, lakini dereva wake mmoja wa lori kutoka Wajir aliamka akakuta uso wake umejichora kwenye mto, akafikiri ni ugonjwa. Hata yule jogoo mweupe niliyekuwekea siku hizi ni kijivu. Watu wananiuliza nilimnunua wapi wa rangi hiyo.

Niliinua mkono kwenye baraza. Chifu akasema moshi ni maendeleo, na anayepinga maendeleo tunajua anampinga nani. Watu wote wakaanza kuangalia viatu vyao, hata wale hawakuwa na viatu. Nikakaa chini. Lakini nilikaa polepole.

Sasa wewe umesomea mambo ya stima, na hizo shuka ndizo zilikupeleka shule, usisahau. Mimi nimeanza uinjinia wangu. Kila Jumatatu nakata kipande cha shuka kuukuu, nakianika tangu asubuhi mpaka saa sita, halafu naandika tarehe kwa kalamu. Nimekuwekea kimoja humu ndani. Usikipengee kamasi. Na uniambie kazi yako ni ya kufanya nini hasa, kwa sababu jirani yangu Nanzala akiniuliza namwambia unatengeneza redio.

Jibu kwa sanduku la Osman kama kawaida.

Ni mimi senge yako, dada wa baba yako,
Rael


Nairobi
2 Aprili 1988

Mpendwa Senge,

Habari ya huko? Mimi ni mzima. Hapa mvua imeanza na chumba changu kinavuja mahali pamoja tu, juu ya kitanda. Mwambie mama mgongo wake nimeusikia. Nanzala mwambie sijawahi kutengeneza redio hata moja. Ile ya baba niliifungua na haikufungika tena mpaka akafa.

Kazi yangu ni hii. Mimi ni injinia, lakini injinia wa nusu. Nimeajiriwa na Thuo na Wenzake, ingawa hao wenzake sijawaona tangu niajiriwe. Tunazunguka viwanda vinavyojitengenezea stima, tunapima kama boila zinachoma vizuri na kama moshi wake unavumilika. Nikimaliza kupima natia sahihi ya aliyepima, na Thuo anatia ya kwake juu yangu. Ili niwe injinia kamili, niandikwe na bodi na nisimame kwa jina langu, lazima Thuo anitilie sahihi kwenye fomu kwamba nimefanya kazi chini yake miaka mitatu na ninaaminika. Miaka mitatu inaisha Juni. Fomu nimeshaijaza, naiota hata nikiwa macho.

Moshi tunaupima hivi, na usicheke. Kuna kadi yenye miraba mitano. Namba moja ni kijivu hafifu, namba tano ni nyeusi tititi. Unasimama jua likiwa mgongoni, unanyoosha mkono, unalinganisha moshi na miraba. Mpaka namba mbili kiwanda kinasamehewa. Ikipita hapo, kiwanda kina kazi. Nimekaa chuo miaka minne ili ninyooshe mkono.

Kipande chako nimekiweka kando ya kadi. Ni namba nne, Senge. Nilimwonyesha Thuo, akaniuliza kama nimeanza kufua.

Sasa habari yenyewe. Kuna wafadhili wa ng'ambo wanaotaka kukisaidia kiwanda chenu kiweke jenereta ya pili, lakini wamesema moshi upimwe kwanza. Kazi imekuja kwetu na Thuo amenipa mimi. Itakuwa ripoti yangu ya kwanza kubwa. Nakuja Jumanne tarehe 26 Aprili. Mfunge jogoo, na maziwa ya mursik yawe tayari. Nitakula paja zote mbili.

Mtoto wako,
Kipyego


Langas
9 Mei 1988

Kwa Bwana Injinia wa Nusu,

Hatujambo. Mama yako hajambo. Kiptoo alikimbia mpaka Kesses na kurudi, na akapita kwangu kunisalimia, ingawa hakuwa na gari.

Wewe ulikuwa na gari. Nanzala aliliona, la rangi ya maziwa, na wewe ukashuka na tai na ukasimama pale barabarani ukinyoosha mkono mbinguni na kijikadi. Wamama wa mboga walifikiri ni mhubiri wa dhehebu jipya, wawili wakavua vitambaa vya kichwa wakingoja maombi. Mimi nilikuwa nyumbani nimefagia uwanja mpaka nikafagia na wa Nanzala. Mursik nilikuwa nimeitikisa. Jogoo alikuwa amefungwa mguu tangu alfajiri, na kisu nimenoa. Ilipofika saa kumi nikamfungua. Alinitazama kama mtu aliyeachiliwa na korti bila kuambiwa kosa.

Kutoka pale uliposimama mpaka kwangu ni mwendo wa kuita mtu akasikia. Sijui huko Nairobi mnaitaje hiyo, hapa tunaiita kudharau watu.

Na siku hiyo anga ilikuwa safi, moshi kidogo tu kama wa mtu anayechemsha chai. Kwa nini ilikuwa hivyo siwezi kujua. Jumatano ukarudi wote, na ule wa Jumanne pia ukaja pamoja nao. Kipande cha Jumatatu iliyofuata kimo humu, kiangalie mwenyewe.

Uliandika nini kwenye hiyo ripoti?

Rael


Nairobi
28 Juni 1988

Mpendwa Senge,

Pole kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, halafu kalamu ikaisha wino, halafu kazi nyingi. Natumaini mama amevuna viazi. Nimesikia Kiptoo amechaguliwa kukimbia mashindano ya wilaya. Mwambie asikimbie na viatu vyangu vya shule, soli ya kushoto ni ya gundi.

Kuhusu siku ile, gari lilikuwa la kampuni na Thuo alikuwa na haraka. Meneja wa kiwanda alitualika chakula kwenye klabu, na huwezi kumkatalia meneja. Ningepita lakini saa hazikutosha.

Hapa mambo ni mazuri. Nimepewa meza karibu na dirisha. Fomu yangu Thuo ameiweka kwenye mkoba wake na amesema ataishughulikia mwisho wa mwaka, si Juni tena, lakini amesema kwa tabasamu. Nasikia pia huko Olkaria wanahitaji mainjinia wa mvuke. Nikisajiliwa nitaomba. Huko stima inatoka ardhini na hakuna cha kuchoma.

Ripoti ni siri ya kampuni, Senge. Tusiongee mambo ya ripoti.

Mtoto wako,
Kipyego


Langas
17 Julai 1988

Kipyego,

Salamu. Tuko. Viazi vimevunwa.

Siri yako imesomwa kwenye baraza. Meneja alisimama juu ya meza karibu na chifu, akafungua karatasi, akasema injinia kutoka Nairobi amepima, moshi wetu hauzidi namba moja. Halafu akasoma jina lako lote mpaka la babu. Akasema ni mtoto wa hapa hapa, amelelewa na mama yule pale, mumpigie makofi. Wakanigeukia wakapiga. Wengine walikuwa wanapiga huku wanakohoa.

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikatabasamu. Ndiyo imeniuma zaidi ya yote, kwamba nilitabasamu.

Osman amempa mtu mwingine shuka, mwanamke wa upande ule wa mto ambako upepo hauendi. Aliniambia kwa heshima, akanipa na sukari. Miaka kumi na moja nimefua zile shuka. Sasa nafua za watu watatu na suruali ya kasisi.

Nakuuliza mara moja tu na sitarudia. Siku ile uliona nini?

Rael


Nairobi
9 Agosti 1988

Senge,

Nakusalimu, na mama, na Kiptoo. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Niliona moshi safi. Hilo ni kweli, kadi haikudanganya. Lakini niliona na mengine. Mawe ya langoni yalikuwa yamepakwa chokaa usiku wa kuamkia siku hiyo. Nje ya boila kulikuwa na lundo la masizi mapya, mabichi bado, yaliyokwanguliwa ndani ya mabomba. Kuni zilizokuwa zinaingia motoni zilikuwa kavu kama biskuti, na maganda mabichi yalikuwa yamefunikwa na turubai huko nyuma. Nusu ya mashine zilikuwa kimya. Hata mtu wa mwaka wa kwanza chuoni angejua kwamba hiyo boila imevalishwa nguo za Jumapili.

Na yule mchochea moto, Murunga, alinishika mikono yote miwili akasema, "Karibu nyumbani, mtoto wa Rael. Tumekusafishia."

Nilitia sahihi. Thuo alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba, na fomu yangu ilikuwa ndani ya mkoba.

Kwako sikuja kwa sababu niliogopa kamba yako ya nguo. Nilijua nikizigeuza zile shuka nitaona namba nne, na nikishaona sitaweza kuandika namba moja. Klabuni nilikula kuku wa meneja, huku wako amefungwa mguu ananingoja. Nimekuaibisha mbele ya watu, na ulitabasamu kwa ajili yangu. Sina neno la kufidia hilo.

Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua. Siku ya kuja ilikuwa siri. Thuo anaapa hakumwambia meneja, ila kwamba tutafika mwezi huo. Nani aliwaambia ni Jumanne?

Kipyego


Langas
11 Septemba 1988

Kipyego, kijana wangu,

Salamu nyingi, za kweli safari hii. Barua yako ilikaa kwa Osman mwezi mzima kwa sababu naona haya kupita pale. Kiptoo ndiye aliileta, akikimbia bila shaka. Alikuwa wa pili wilayani. Anasema soli ya kushoto.

Ni mimi. Usitafute mwingine.

Mimi na Murunga tunachota maji kwenye bomba moja. Nilipopata barua yako ya Aprili nilikuwa na furaha ya kutosha kugawia kijiji. Nikamwambia, mtoto wetu anakuja Jumanne kuangalia bomba lenu la moshi, tafadhali msituaibishe. Nilisema msituaibishe, Kipyego. Ni maneno yanayotoka yenyewe mgeni akitajwa. Nilitaka uone uchafu wote wa kile kiwanda, na papo hapo sikuweza kuvumilia upokelewe na uchafu. Hayo mawili yalikaa kichwani mwangu siku nzima na hayakugombana.

Na Murunga ni mtu wa heshima. Alikwangua masizi siku mbili, akatoa kuni kavu ambazo meneja huwa anajiwekea za nyumbani kwake. Meneja alipomuuliza, akasema tunamsafishia mgeni. Meneja akacheka sana akampa mkono, akasema safisha zaidi. Kwa hivyo wewe ulinyoosha kadi yako, lakini anga nilikuwa nimeshaifagia mimi.

Nilijua tangu saa tatu asubuhi, nilipotoka nje na karai nikaona mbingu ya bluu. Nikajua kabisa. Halafu nikakuandikia matusi, kwa sababu ni rahisi kukasirikia mtoto wa mtu kuliko kusema ni mimi. Yale matusi ya kutopita kunisalimia yabaki, hayo uliyapata kihalali. Mengine nayarudisha.

Na nilikuficha jambo lingine. Nakohoa tangu Mei. Si sana. Nanzala anakohoa zaidi, lakini yeye hupenda kushinda katika kila kitu.

Sasa tufanyeje?

Senge yako,
Rael


Nairobi
22 Septemba 1988

Mpendwa Senge,

Salamu kwa wote. Kiptoo nitamnunulia viatu.

Niliposoma pale pa Murunga na kuni za meneja nilicheka peke yangu ofisini mpaka Thuo akatoka kuangalia. Halafu sikucheka tena. Nenda hospitali uangaliwe kifua. Hilo si shauri, naagiza.

Nimemwambia Thuo yote. Akasafisha miwani, akasema, "Ulipima ulichoona. Uliona safi. Nenda kafanye kazi." Nikamuuliza kuhusu fomu. Akasema fomu inategemea kama mimi ni mtu wa kuaminika, na akanitazama muda mrefu ili nielewe ni kuaminika na nani.

Nakuja tena. Si kwa kampuni, nimeomba likizo. Siku sikuambii. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hili ni gumu kuliko chochote nilichowahi kukuomba. Usimwambie mtu. Usifagie. Jogoo usimfunge. Ukiniona barabarani usinisalimie, na nikipita karibu usinitazame. Nitalala mjini, kwako sitafika. Ukiniitikia tu, Murunga atakwangua masizi.

Najua unavyoona mtu kupitwa bila salamu. Naomba unipite.

Kipyego


Langas
16 Oktoba 1988

Kipyego,

Watu wote wazima. Hospitalini wameniambia nikae mbali na moshi. Nikauliza niende wapi, daktari akaandika dawa.

Ulikuja tarehe nne, Jumanne, na koti la marehemu baba yako na kofia ya sufu, ukajifanya unauza mbegu za karoti. Senti moja hukupata. Miguu nikaijua kutoka mbali, ni ya kaka yangu kabisa, ule wa kulia unapima ardhi kwanza. Ukasimama karibu na kibanda cha Aketch, jua mgongoni, na kadi umeificha ndani ya pakiti ya mbegu. Kiwanda nacho, kwa vile hakikujua kina mgeni, kikafungulia kila kitu. Saa moja asubuhi wanapuliza masizi yatoke kwenye mabomba, ile tunaita kiwanda kinasafisha koo. Ulipotea kwenye moshi wote, ikabaki kofia.

Nilipita na karai kichwani, hatua mbili kutoka kwako. Sikukutazama. Lakini umekonda, na kifungo cha tatu hakipo. Nilitaka kuweka karai chini nikushonee hapo hapo. Nikaendelea kutembea. Shingo iliniuma siku mbili kwa kutogeuka.

Siku ya kwanza Nanzala akaniuliza, yule si Kipyego? Nikasema simjui. Siku ya pili Aketch akaniuliza, huyu muuza mbegu si wa kwenu, mbona mna pua moja? Nikamwambia pua ni za Mungu, mimi simjui. Siku ya tatu Murunga mwenyewe akanikuta bombani, ana wasiwasi, akasema, mama, kuna mtu anaangalia bomba letu sana. Nikamwambia, "Mzee, mimi huyo mtu simjui." Na yule jogoo, ambaye wewe ulikataza asifungwe, akawika nyuma ya nyumba. Nanzala alikuwa hapo anachota, na ni mtu wa kanisa, anajua jogoo huwika baada ya kukana mara ngapi. Alinitazama mpaka maji yakamwagika kwenye ndoo.

Kipyego, nililia nikifua. Nimekulea tangu ukiwa na miaka sita na sijawahi kukupita njiani hata siku nilipokuwa na hasira na wewe. Usiniombe tena.

Humu ndani kuna vipande vyote vilivyobaki, thelathini na moja, tangu Machi, na vitatu vya siku zako. Nimeviandika tarehe. Kile cha Jumatatu kabla ya Jumanne ya Aprili kipo, na cha Jumatatu iliyofuata unacho tayari. Cha Jumanne yenyewe nilikianika pia, sikukuambia. Ni cheupe. Wakiviona hivyo vitatu pamoja, hata mfadhili ataelewa.

Na umwachie Murunga nafasi. Kosa lake lilikuwa adabu.

Senge yako


Nairobi
20 Novemba 1988

Mpendwa Senge,

Salamu kwako, kwa mama na mgongo wake, kwa bingwa wa pili wa wilaya, na kwa Nanzala ambaye najua anasoma juu ya bega lako.

Nimewaandikia wafadhili kwa jina langu mwenyewe, kwamba naondoa sahihi yangu ya Aprili. Nikaweka vipimo vya zile siku tatu, namba nne kila asubuhi, dakika arobaini bila kupumzika. Vipande vyako nimevishonea kwenye karatasi ngumu kwa mpangilio wa tarehe, kile cheupe cha Jumanne katikati. Nimeshona vibaya, ungeona haya. Wameandika kwamba ripoti yangu wameielewa, lakini zile shuka wamezipiga picha.

Hakuna jenereta ya pili mpaka kiwanda kijenge banda la kukaushia kuni, kiweke mtego wa masizi juu ya boila, na kiajiri injinia wa kukaa hapo na kuhakikisha. Thuo hakupiga kelele. Alitoa fomu yangu kwenye mkoba, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo akafunga na ufunguo. Halafu akaniambia meza ya dirishani ina mtu mwingine. Kwa hivyo ile miaka mitatu imebaki ndani ya droo, na Olkaria watanisubiri.

Meneja wenu amekasirika kiasi cha kupiga simu mwenyewe. Injinia wanne wamekataa kuja kukaa kwenye ule moshi. Akaniambia, "Wewe ambaye unaona vizuri namna hiyo, njoo uone ukiwa hapa ndani." Nilifikiri ni tusi. Kumbe ilikuwa kazi. Nimekubali, kwa sharti moja, kwamba Murunga abaki. Yule mtu amethibitisha kwamba ile boila inaweza kuchoma safi. Anachohitaji ni kuni kavu na sababu. Mzee mmoja aliyesajiliwa, anayesimamia mitambo ya viwanda huko mjini, amekubali nifanye kazi chini yake, na miaka naanza kuhesabu upya.

Naogopa, Senge. Si meneja, namwogopa mtu mmoja mwenye karai. Je, kuna mahali pa kulala?

Kipyego


Langas
4 Desemba 1988

Kwa Injinia wa Nusu wa hapa kwetu,

Mama yako anasema karibu. Kiptoo amepata viatu, sasa hata kunisalimia hapiti, anaruka. Nanzala hasomi juu ya bega langu, anasoma kutoka upande. Osman amesikia habari. Ameniletea shuka mbili za kujaribu, hazikuwa hata chafu, na tukanywa chai pamoja.

Mahali papo. Kitanda ni kile chako, na miguu itatokeza. Sheria za nyumba ni hizi. Kila Jumatatu naanika kipande kama kawaida na kukuwekea kwenye sahani kabla ya chakula. Kikiwa namba moja, unakula. Namba mbili, unakula na maelezo. Zaidi ya hapo utakwenda kwa meneja akupeleke klabu. Zamani moshi ukitoka nilikuwa namtukana mtu nisiyemjua. Kuanzia sasa nina mtu, na najua anapolala.

Sitafagia siku ya kuja kwako, nimejifunza. Nitasimama barabarani pale kwa Aketch, na nitakusalimia kwa sauti mpaka huko juu wasikie, mara tatu, kwa zile siku tatu.

Kuhusu jogoo. Najua unamfikiria. Jana nilimwosha kwa sabuni ya Omo na bluu ya nguo, akakauka mweupe, na jioni alikuwa kijivu tena. Kwa hivyo nimeamua. Simwoshi tena na simchinji. Siku atakayotembea kwenye uwanja huu kutwa nzima na kulala akiwa mweupe bila sabuni yangu, siku hiyo nitanoa kisu, na paja zote mbili ni zako. Mpaka siku hiyo utakuwa unalala hapa tu, hujafika.

Fanya haraka. Amezeeka, na mimi pia.

Senge yako,
Rael